Mada Moja kwa Wiki: Namna ya Kumfundisha Nyumbani Mtoto wa Umri wa Awali

Mzazi au mlezi anapoamua kumfundisha nyumbani mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, mara nyingi huanza na madaftari, chati za herufi na kalamu, na haipiti muda mrefu kabla hajaona kwamba mwanafunzi wake hataki kukaa kitini. Mtoto hana kosa. Herufi leo, rangi kesho na maumbo keshokutwa ni mambo ambayo kwake hayana uhusiano wowote, kwa hiyo kila siku anaanza upya. Mada ya wiki huondoa tatizo hilo kwa sharti moja, kwamba iwe ndiyo kazi yenyewe. Kuchora samaki pembeni mwa karatasi ya kujumlisha hakuifanyi hesabu kuwa somo la samaki. Jambo lilelile linapaswa kupita mikononi mwa mtoto, kisha mdomoni mwake, kisha katika kuhesabu na kuchora, hadi alijue vizuri kiasi cha kuweza kumweleza mtu mwingine.

Fikra ya kuanza na mikono si ngeni. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo nchini Ujerumani mwaka 1837, aliwapa mipira ya sufi na matofali madogo ya mbao, na Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, aliwapa vifaa vya kumimina, kupanga na kufunga vifungo. Njia zao zilitofautiana kwa mengi, lakini wote wawili walimpa mtoto kitu cha kushika kabla ya kumpa maandishi ya kusoma.

Kuchagua mada

Mada nzuri ni ile ambayo mtoto anaweza kuigusa, kuiona ikibadilika, na kuihusisha na mwili wake mwenyewe. Maji, mbegu, vivuli, sauti, sisimizi na mwili wangu ni mada zinazotimiza masharti hayo bila kununua chochote. Sayari na dinosauri huvutia watoto wengi, na hakuna ubaya kuzizungumzia, ila wiki yake huishia kuwa wiki ya picha, kwa sababu hakuna cha kushika. Epuka pia mada pana. “Wanyama” ni mada ya mwaka mzima, ilhali “sisimizi” inatosha wiki moja na huenda ikabaki ziada.

Ukishachagua, andika maswali mawili au matatu ambayo ungependa mtoto ayachunguze, na maneno kati ya matano na manane ambayo ungependa ayatumie mwenyewe kufikia mwisho wa wiki. Vitenzi vipewe nafasi kubwa kuliko nomino. Mtoto hujifunza majina ya vitu karibu bila kufundishwa, lakini tofauti kati ya kumimina, kumwaga, kuchuja, kuloweka na kukamua huijua vizuri zaidi akiyafanya matendo hayo huku mtu mzima akiyataja.

Muda wa kufundisha

Vipindi viwili vifupi kwa siku, kila kimoja cha dakika 15 hadi 20, vinatosha kabisa, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchoka mapema zaidi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwamo angalau dakika 60 za michezo ya nguvu, na kwamba asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja. Ratiba inayomweka mezani asubuhi nzima inakwenda kinyume na mwili wake. Kwa hiyo kipindi kimoja kati ya viwili kifanyike kwa kusimama, kutembea au kuchutama, na saa zinazobaki ziwe za mchezo huru.

Wiki ya maji, siku kwa siku

Siku ya kwanza usifundishe kitu. Weka beseni lenye maji kidogo, jagi, vikombe vya ukubwa tofauti, sponji na chujio, kisha keti karibu na utaje kile mtoto anachofanya wakati anakifanya: “Unamimina polepole. Sasa kimefurika. Sponji imefyonza maji yote.” Maneno mapya hukaa vizuri yanaposikika katika dakika ileile ambayo mkono unafanya kazi. Usiulize maswali mfululizo kama mtahini, maana mtoto anayeulizwa kila mara “hii ni rangi gani?” hujifunza kukwepa.

Siku ya pili ni ya kuelea na kuzama. Kusanya jani, jiwe, kizibo cha plastiki, kijiko kidogo cha chuma na kipande kikubwa cha ubao. Kabla ya kutumbukiza kila kitu, mtoto atabiri kitakachotokea, kisha akiweke katika kundi lake. Watoto wengi husema kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Hapo ndipo umpe ubao mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, akiri mwenyewe kwamba ubao ni mzito zaidi, halafu avitumbukize vyote viwili. Ubao utaelea na kijiko kitazama. Kishawishi cha kueleza ni kikubwa, lakini kaa kimya. Maelezo ya msongamano wa maada, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, hayamfai mtoto wa umri huu, bali kinachomfaa ni ule mshangao na hamu ya kujaribu kitu kingine. Mpe donge la udongo wa mfinyanzi alizamishe, kisha alifinyange liwe bakuli jembamba na kulijaribu tena. Udongo ni uleule, na safari hii unaelea.

Siku ya tatu mnahesabu. Ni vikombe vingapi vinavyojaza jagi? Kila kikombe kinachomiminwa kitajwe namba yake mara moja tu, na jiwe moja liwekwe kando kuwa kumbukumbu. Mkimaliza, uliza, “Vilikuwa vikombe vingapi?” Mtoto akianza kuhesabu mawe upya kuanzia moja, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Anaweza kuimba namba hadi 20 na bado asilijue hilo, ndiyo maana wimbo wa namba haupaswi kuchukuliwa kuwa uthibitisho kwamba anajua kuhesabu. Kuhesabu vitu halisi kuna faida nyingine kwa anayekua na Kiswahili: anapata upatanisho wa ngeli bila kufundishwa sarufi. Husikia kikombe kimoja, vikombe viwili, vikombe vitatu, kisha mawe mawili, mawe matatu, na kwamba sita na saba hazibadiliki. Akisema “vikombe matatu”, usimkatize. Rudia kwa sauti ya kawaida, “Ndiyo, vikombe vitatu,” na muendelee.

Katika siku hiyohiyo, ukipenda, mimina maji ya chombo kipana kwenye chombo chembamba na kirefu mbele ya macho yake, kisha uliza kama maji yameongezeka. Mwanasaikolojia Jean Piaget alilifanya jaribio hili kuwa maarufu, na mtoto wa miaka minne kwa kawaida hujibu kwamba yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Kumsahihisha hakusaidii sana, kwani ufahamu huo huja kadiri umri unavyosogea. Faida ya jaribio ni ya mlezi, ambaye anaona kwa macho yake jinsi mtoto anavyofikiri.

Siku ya nne ni ya sauti za lugha. Pigeni makofi kwa kila silabi: be-se-ni, ma-ji, ji-we. Neno mto lina silabi mbili, m-to, kwa sababu ile m inasimama yenyewe, na watoto wengi hufurahia kuipiga kofi lake. Kisha tafuteni maneno yanayoanza na ma kama maji. Mama na maua yatatajwa mapema, na mengine yatakuwa ya kubuni, ambayo nayo yakubaliwe, maadamu sauti ya mwanzo ni sahihi. Michezo hii ya masikio ndiyo msingi wa kusoma, kwa sababu maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, na mtoto anayeweza kulikata neno kwa masikio hatapata shida kubwa atakapokutana na silabi zilezile kwenye karatasi.

Kuandika kuanzie begani. Mpe brashi pana na kopo la maji, achore mistari mirefu, duara na mawimbi ukutani au kwenye sakafu kavu iliyo nje. Misuli mikubwa ya bega na mkono hutangulia ile midogo ya vidole, na mtoto anayelazimishwa kufuatisha herufi ndogo kwenye nukta kabla ya vidole kuwa tayari huishia kuikaba kalamu na kuichukia. Hapo tena maji yana siri yake: mchoro unafutika wenyewe jua likiwaka. Mtoto akiuliza ulikokwenda, mwageni maji kidogo sakafuni, zungusheni ukingo wa kidimbwi kwa chaki, na mrudi kukitazama kila baada ya muda. Kidimbwi kitakuwa kimenywea ndani ya mstari wake.

Siku ya tano mwachie mtoto uongozi. Achague shughuli anayotaka kurudia, kisha achore alichokifanya na kukueleza mchoro wake. Andika maneno yake chini ya picha kama alivyoyasema, hata kama sentensi haijanyooka, halafu umsomee huku kidole kikipita chini ya kila neno. Anagundua kwamba alichokitamka kinaweza kukaa kwenye karatasi na kusomwa na mtu mwingine, na ugunduzi huo una uzito kuliko kurasa nyingi za herufi za kufuatisha.

Kuhusu usalama hakuna mjadala. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kwa hiyo usimwache peke yake na beseni hata kwa muda wa kupokea simu, na maji yamwagwe mara kipindi kinapokwisha. Vitu vidogo vinavyoweza kuingia kooni viondolewe, hasa ikiwa kuna mdogo wake anayetambaa karibu.

Mada nyingine kwa ufupi

Wiki ya mbegu inahitaji kuanzwa mapema. Loweka maharage usiku mmoja, yapange kati ya kitambaa chenye unyevu na ukuta wa gilasi inayoonyesha kilicho ndani, na uyaanze siku kadhaa kabla ya wiki yenyewe, vinginevyo mtoto atatazama gilasi isiyobadilika hadi achoke. Mzizi hutoka kwanza, kisha chipukizi, na mtoto anaweza kuchora hali ya kila siku. Wiki ya vivuli yahitaji chaki na jua: msimamishe mahali palepale asubuhi, mchana na alasiri, chora kivuli chake kila mara, na mlinganishe urefu. Mwonye asilitazame jua lenyewe. Wiki ya mwili wangu ni nafasi ya vitendawili, na “Popoo mbili zavuka mto” humfaa hata mtoto wa miaka minne, mradi aruhusiwe kujaribu majibu ya ajabu kabla ya kufika kwenye macho.

Mambo yanapokwenda kombo

Mtoto akikataa shughuli, iache. Ijaribu tena siku nyingine kwa namna tofauti, na ikikataliwa mara ya pili, ifute kwenye mpango bila kinyongo. Mada ikififia katikati ya wiki, ifupishe. Ikiwa siku ya tano bado inawaka, iendelezwe wiki ya pili, kwani kalenda ni yako. Watoto wawili wa umri tofauti hawahitaji mada mbili: kwenye beseni moja wa miaka mitatu anajaza na kumwaga, na wa miaka mitano anahesabu vikombe na kuchora matokeo. Karatasi za kuchapisha za kupaka rangi ziwe za kusubiria mvua ipite. Hazina madhara, lakini zinafundisha kidogo kuliko zinavyoonekana.

Kila jioni andika mstari mmoja katika daftari lako: alichosema, alichouliza au alichoweza leo ambacho juzi hakukiweza. Usitoe alama. Maswali yaliyoandikwa humo ndiyo yatakayokupa mada zijazo, maana mtoto aliyetaka kujua maji ya kidimbwi yamekwenda wapi amekwisha kuchagua wiki ya jua au ya mawingu. Daftari hilo hilo litakuonyesha pia kama kuna jambo linalohitaji mtaalamu. Mtoto aliyefikisha miaka minne na watu wasiomzoea hawaelewi usemi wake, au asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma, apelekwe kupimwa masikio mapema, na uende na daftari, kwa sababu daktari atakuuliza hali hiyo ilianza lini.