Boila imezima na nje kuna barafu: anza na geji

Baridi kali ya kwanza ikitua Uingereza, simu yangu haitulii. Ujumbe ni uleule kila mwaka: "Kaka, boila imekufa, watoto wanaenda shule na maji ni barafu." Kabla sijauliza lolote naomba picha ya geji ya presha ya boila. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Nyumba nyingi za hapa zina boila ya kombi, lile sanduku jeupe la ukutani jikoni au kabatini. Huchoma gesi na kupasha maji ya bomba papo hapo, bila tangi, na pia maji yanayozunguka kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto. Kama umeoga kwa hita ya shawa ya umeme kule nyumbani, tayari unajua nusu ya tabia yake: ukifungulia kwa nguvu maji hutoka vuguvugu, ukipunguza yanachoma. Boila ya kilowati 24 hutoa takriban lita 10 kwa dakika huku ikiyaongezea maji nyuzi 35 tu. Kiangazi hiyo inatosha na kubaki. Januari, maji ya bomba yakiingia na nyuzi 5, yatafika 40 na si zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba maji hayana moto, punguza koki, na usioge wakati mwenzako anaosha vyombo.

Sasa geji. Ni kisaa kidogo upande wa chini wa boila, au tarakimu kwenye kioo chake. Redieta zikiwa zimepoa, presha inatakiwa iwe kati ya baa 1 na 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Ikishuka hadi karibu nusu baa, boila nyingi hujizima zenyewe. Chini yake tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, wenye koki upande mmoja au pande zote mbili. Zima boila, iache ipoe, kisha fungua koki polepole. Utasikia maji yakipita na kuona mshale ukipanda. Ukifika 1.2 au 1.3, funga koki zote, tena sawasawa. Hapa ndipo watu huharibu: koki ikiachwa wazi kidogo tu, presha hupanda hadi baa 3, vali ya usalama hufunguka na maji huanza kumwagika nje kwenye bomba la shaba. Boila nyingine hazina mpira huo, zina kifundo au ufunguo wa plastiki. Fuata kitabu chake.

Kujaza mara moja au mbili kwa mwaka ni kawaida. Ukijaza kila wiki, ama kuna mahali panavuja, ama kile chombo cha ndani kinachopokea maji yakitanuka kimeishiwa hewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Geji iko sawa lakini usiku kulikuwa na barafu? Toka nje uangalie bomba jembamba la plastiki linaloshuka kutoka kwenye boila kwenda mtaroni. Karibu kila boila iliyofungwa England na Wales tangu Aprili 2005 hupoza moshi wake hadi mvuke unageuka maji, na maji hayo hutokea hapo. Yakiganda, boila hukoroma kama mtu anayesukutua, kisha hugoma. Mimina maji ya vuguvugu juu ya bomba, hasa kwenye kona na ncha yake. Usimimine yaliyochemka: plastiki inaweza kupasuka, na ukishamaliza umejitengenezea utelezi wa barafu mlangoni. Rudi ndani, bonyeza kitufe kilichoandikwa RESET mara moja, usubiri. Baadaye mwombe mwenye nyumba alivishe bomba hilo sponji nene.

Kuna na makosa ya kuchekesha. Mita ya gesi ya kulipia kabla huisha kama LUKU au tokeni za KPLC, na watu huita fundi kabla ya kuitazama. Maji ya bomba yakiwa moto lakini redieta baridi, badilisha kwanza betri za themostati, kile kidhibiti joto cha ukutani. Na mjomba mmoja alitega boila iwake saa 12, kwa hesabu yetu. Ikawaka adhuhuri kila siku, nyumba haina mtu.

Redieta (si rejeta ya gari, ingawa ni ndugu) ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa. Zima, ipoe, legeza skrubu ya juu pembeni kwa ufunguo wake mdogo, shika kitambaa; hewa ikiisha na maji yakianza kutoka, kaza. Kisha rudi kwenye geji, kwa sababu presha itakuwa imeshuka.

Mfuniko wa boila usiuguse. Najua sisi ni watu wa kufungua kila kitu, na kila ukoo una binamu anayejua gesi. Hapa sheria inataka fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Dai kitambulisho chake na usome upande wa nyuma, ambako zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Sababu ni kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Haina rangi wala harufu. Weka king'ora chake. Ukiona moto wa njano mahali pa bluu, masizi kwenye boila, au wote nyumbani mnaumwa kichwa kinachopona mkitoka nje, zima, fungua madirisha, tokeni, pigeni namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Ukiwa mpangaji, matengenezo ya mfumo wa maji moto ni wajibu wa mwenye nyumba, na kila mwaka lazima vifaa vyake vya gesi vikaguliwe. Nakala ya cheti uipate ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi. Mwandikie ujumbe wenye tarehe na picha. Simu tupu haiachi ushahidi.

Na Desemba ukienda Mombasa au Moshi kuona wazee, usizime boila kabisa ili kuokoa bili. Acha themostati kwenye nyuzi 10 au 12 mabomba yasigande, na ufunge koki kuu ya maji, ambayo mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni. Ukirudi, ifungue, kisha soma geji kabla hujavua koti.