Kabla Hujaweka Picha Dukani: Hataza ya Dizaini kwa Wanaouza Kazi za Mikono Mtandaoni

Ukiuza kazi za mikono mtandaoni, picha ndizo duka lako. Ndizo pia zinazompa mwigaji kila anachohitaji: anapiga skrinishoti, anaituma kiwandani, na kabla msimu haujaisha begi lako linauzwa kwa nusu ya bei na mtu usiyemjua. Wengi wetu tulio ughaibuni tukifikwa na hilo huishia kulalamika kwenye kundi la WhatsApp, tunapewa pole, basi. Kwa walio Marekani ipo njia ya kisheria inayofaa kuliko wengi wanavyodhani, nayo ni hataza ya dizaini (design patent), yaani haki inayotolewa na serikali ya kuwazuia wengine kuiga sura ya bidhaa yako. Tatizo lake ni muda: unaanza kuhesabiwa siku unayoweka picha ya kwanza, ujue usijue.

Hataza ya kawaida hulinda jinsi kitu kinavyofanya kazi. Ya dizaini hulinda jinsi kinavyoonekana, yaani umbo lake, nakshi iliyo juu yake, au vyote kwa pamoja. Kikapu chenye mpini uliosokotwa kwa mtindo ambao haujawahi kuonekana kinaweza kupata hataza ya dizaini, hata kama kazi yake ni ileile ya kubebea vitu. Wapo wanaoamini mambo haya ni ya viwanda vikubwa tu. Sivyo. Katika kesi ya Samsung na Apple ya mwaka 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba bidhaa inayozungumziwa na sheria hii ni kitu chochote kilichotengenezwa kwa mkono au kwa mashine. Hereni za shanga na simu ya mkononi ziko chini ya sheria moja.

Masharti ni haya: dizaini iwe mpya, isiwe jambo ambalo mbunifu wa kawaida wa fani hiyo angelifikia bila taabu kwa kutazama yaliyokuwepo, na sura yake isiwe imelazimishwa na kazi ya kitu chenyewe. Ikikubaliwa, hataza hudumu miaka 15 tangu siku ya kutolewa, na hakuna ada ya kuihuisha.

Mwaka mmoja, hauongezwi

Marekani inakupa mwaka mmoja wa kupeleka ombi tangu ulipoionyesha dizaini hadharani, kuiuza, au hata kutangaza tu kwamba unaiuza. Mwaka ukipita, picha yako mwenyewe inageuka ushahidi dhidi yako: mkaguzi wa ofisi ya hataza akiikuta, ombi limekwisha. Kwa hiyo kabla hujampigia wakili, shuka kwenye kurasa zako za Instagram na TikTok hadi mwanzo, angalia na orodha ya oda zako za zamani, utafute tarehe ya kwanza kabisa bidhaa hiyo ilipoonekana. Andika tarehe hiyo. Wakili mzuri atakuuliza hilo mapema sana, na ukikisia utajidhuru mwenyewe.

Kuna dawa mbili bandia zinazozunguka. Moja ni ya kujitumia barua yenye michoro na kuiacha imefungwa. Haikupi haki yoyote ya hataza. Ya pili ni ombi la muda (provisional application), lile ambalo wagunduzi wa mashine hulitumia kushika nafasi kwa bei nafuu. Hilo lipo kwa hataza za kawaida. Kwa dizaini halipo, na anayekuuzia huduma hiyo kwa ajili ya begi lako ama hajui ama anajua sana.

Ulinzi wote umo kwenye michoro

Hapa ndipo pesa hupotea, na ndipo ningependa utumie muda wako. Hataza ya dizaini ina dai moja tu, tena fupi: mwombaji anadai sura ya bidhaa fulani kama inavyoonekana kwenye michoro. Hakuna maelezo marefu ya kukuokoa baadaye. Kilichochorwa ndicho ulichonacho.

Kwa kawaida huchorwa pande saba: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na mmoja unaokionyesha kitu kikiwa kimekaa kimshazari ili umbo lote lionekane. Mstari mzima una maana ya “hiki nakidai”. Mstari wa vipandevipande una maana ya “hiki kipo, lakini sikidai”. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kesi. Chukua kile kikapu. Mwili wake ni wa kawaida, wa duara, umeonekana miaka na miaka. Kipya ni mpini. Ukichora kila kitu kwa mstari mzima, mwigaji atachukua mpini wako, auweke kwenye kikapu cha mraba, na atasimama mahakamani aseme vikapu hivi havifanani. Atakuwa na hoja. Lakini ukichora mwili kwa vipandevipande na mpini peke yake kwa mstari mzima, unadai mpini, na kikapu kilicho chini yake kiwe cha umbo lolote hakimsaidii.

Rangi nayo ni mtego. Michoro ya mistari myeusi bila rangi hulinda umbo bila kulifunga kwenye rangi. Ukipeleka michoro ya rangi kwa sababu kitenge chako kinapendeza, rangi hizo zinakuwa sehemu ya dai, na mwigaji anayebadilisha nyekundu kuwa bluu amepata pa kutokea.

Watu huuliza: kazi ya mkono haifanani kipande kwa kipande, je, nikichora kimoja vingine vinalindwa? Kipimo kimekuwepo tangu kesi ya Gorham dhidi ya White ya mwaka 1871, iliyohusu mipini ya vijiko na uma. Mahakama ilisema tutazame kwa jicho la mnunuzi wa kawaida: kama mfanano unamfanya anunue kimoja akidhani ni kingine, haki imevunjwa. Uzi uliopinda kidogo au shanga moja iliyozidi haiharibu kitu.

Jina la bidhaa lina uzito wake. Kampuni ya Curver ilikuwa na hataza ya nakshi ambayo, baada ya mkaguzi kutaka bidhaa itajwe, iliitwa nakshi ya kiti. Kampuni nyingine ikauza vikapu vyenye nakshi ya namna hiyo. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza ikasema: hataza ni ya kiti, vikapu havihusiki. Kwa hiyo kama nakshi yako inakaa kwenye mto, begi na kivuli cha taa, hataza moja ya mto haikutoshi. Mara nyingi nakshi bapa kama hiyo huangukia vizuri zaidi kwenye hakimiliki, ambayo inazaliwa siku ulipoichora. Kesi ya Star Athletica ya mwaka 2017 ilithibitisha kwamba mapambo yanayoweza kufikiriwa kama kazi ya sanaa mbali na nguo yenyewe yanaweza kulindwa hivyo. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani kunagharimu chini ya dola 100. Mimi ningeanzia huko kwa kitambaa, nibakize hataza kwa umbo.

Aliyebuni ni nani hasa?

Hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Wengi huuza wakiwa Minneapolis au Dallas vitu vinavyotengenezwa nyumbani na fundi, shangazi au kikundi cha akina mama. Sheria ya Marekani inataka mbunifu wa kweli atajwe kwenye ombi, na atie sahihi tamko kwamba ndiye. Kama fundi ndiye aliyefikiria umbo, na wewe ulituma pesa na kupiga picha, mbunifu ni fundi. Ukijiandika wewe, hataza inaweza kubatilishwa siku unapoihitaji, na umetoa tamko la uongo kwa serikali. Kama mlilibuni pamoja, mtajwe wote.

Hiyo haimaanishi huwezi kuimiliki. Mbunifu anaweza kukuhamishia haki kwa maandishi, kwa malipo mliyokubaliana, na hati hiyo ikaandikishwa ofisi ya hataza. Si lazima awe Marekani wala awe raia. Fanyeni hivyo mapema, wakati undugu bado mtamu na bidhaa bado haijaleta pesa ya kugombaniwa. Ujumbe wa sauti wa “sawa tu, we endelea” si hati.

Na kuhusu uraia: kuomba hataza hakuhitaji uraia wala kadi ya kijani. Kuendesha biashara ukiwa na viza ya mwanafunzi ni suala jingine kabisa. Muulize wakili wa uhamiaji kwanza.

Nakshi za asili, zile za kiondo, kanga au shuka tunazozijua sote, si mpya, kwa hiyo huwezi kuzidai. Mgeni naye hawezi, na akijaribu, picha za zamani zenye tarehe ni silaha nzuri ya kumpinga. Kinachoweza kulindwa ni kile ulichokiongeza wewe.

Gharama

Kwa viwango vilivyoanza Januari 2025, ada ya USPTO, yaani ofisi ya hataza ya Marekani, ya kupeleka ombi la dizaini ni jumla ya dola 1,300. Biashara ndogo hulipa 520. Wenye kipato cha chini ya kiwango kilichowekwa, ambao hawajatajwa kama wabunifu kwenye maombi zaidi ya manne ya nyuma, hulipa 260. Kila mbunifu na kila mwombaji lazima atimize masharti hayo. Ombi likikubaliwa kuna ada ya kutolewa, ya viwango vilevile. Bili ya wakili na mchoraji ndiyo huwa kubwa zaidi, na unaruhusiwa kujiombea mwenyewe, lakini kwa yale niliyoeleza juu ya mistari, mchoraji anayejua kazi hii ndiye wa mwisho kumbania pesa.

Kwa hiyo usihataze duka zima. Angalia kinachouzika. Kile kimoja kinacholeta nusu ya mapato, chenye umbo ambalo watu hulitambua hata bila jina lako, hicho ndicho. Vingine viache.

Kabla ya kulipa, tafuta mwenyewe. Mfumo wa utafutaji wa USPTO ni bure, Google Patents pia, na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, ina hifadhidata ya dizaini za nchi nyingi. Namba za hataza za dizaini za Marekani huanza na herufi D.

Ombi mara nyingi huchukua zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho unaweza kuandika kwamba hataza inasubiriwa, lakini huwezi kumshtaki mtu. Kuandika hivyo bila ombi lolote, ili kuwatisha washindani, ni kosa.

Walio nje ya Marekani

Uingereza na Umoja wa Ulaya husajili dizaini bila kuchunguza kama ni mpya, kwa hiyo cheti hupatikana upesi na hupingwa kwa urahisi pia. Kote kuwili ulinzi huhuishwa kila baada ya miaka 5, hadi kufikia jumla ya miaka 25. Ulaya pia hutoa ulinzi wa miaka 3 bila kusajili, ila dhidi ya kunakiliwa tu. Somo la michoro nalo halina mpaka: mwaka 2016 wenye masanduku ya watoto ya Trunki walishindwa kwenye Mahakama ya Juu ya Uingereza kwa sababu picha walizosajili zilikuwa na vivuli na tofauti za rangi zilizofinya ulinzi wao. Kanada ina jambo la kushtua: kitu cha matumizi kikizidi nakala 50 kwa ridhaa yako, hakimiliki ya umbo lake kwa sehemu kubwa haikusaidii tena, na huko dizaini iliyosajiliwa hulindwa hadi miaka 15.

Ukishapeleka ombi nchi moja, una miezi 6 ya kupeleka nchi nyingine na bado ukahesabiwa tarehe ya ombi la kwanza. Kwa nyumbani, ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la hataza na dizaini lenye makao Harare, hupokea ombi moja kwa ajili ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Dizaini iliyobuniwa ndani ya Marekani inahitaji kibali cha USPTO kabla ya kupelekwa nje, usisahau hilo.

Ukiigwa, na ukishtakiwa

Ukiwa na namba ya hataza, Etsy, Amazon na eBay zina fomu za kulalamikia tangazo. Ambatanisha namba, kiungo cha bidhaa ya mwigaji, na picha mbili zikiwa ubavu kwa ubavu na mchoro wako. Mara nyingi huishia hapo. Isipoishia, sheria inakuruhusu kudai faida yote aliyopata kwa bidhaa hiyo, isiyopungua dola 250. Andika namba ya hataza kwenye lebo, maana bila alama hiyo fidia ya kipindi cha kabla ya kumwarifu inaweza kukuponyoka.

Upande wa pili ni kwamba siku moja barua inaweza kukujia wewe. Usiifute. Kwa malalamiko ya hakimiliki, sheria ya Marekani ya DMCA, ya mwaka 1998, inayohusu hakimiliki mtandaoni, inakupa njia rasmi ya kupinga. Kwa hataza njia kama hiyo haipo, kwa hiyo itabidi uzungumze na mlalamikaji mwenyewe. Fungua hataza anayoitaja, itazame kwa makini mistari mizima na ya vipande, kisha uilinganishe na bidhaa yako. Mara nyingine anadai kitu ambacho hakukichora. Na kama uliuza kabla ya tarehe ya ombi lake, kusanya oda na risiti zenye tarehe.

Iliyo mbaya zaidi ni kesi za mkupuo, zinazofunguliwa hasa mahakama ya shirikisho ya Chicago, ambapo wauzaji wengi hushtakiwa kwa pamoja na majina ya maduka yao huwekwa kwenye orodha moja. Dalili ya kwanza huwa ni pesa kwenye akaunti yako ya PayPal au Amazon kushikiliwa, na baadaye barua pepe kutoka kwa mawakili, pengine ikiwa imeangukia kwenye spamu. Itafute huko. Ina namba ya kesi na muda wa kujibu, na ukikaa kimya mahakama hutoa hukumu bila wewe, na pesa zilizoshikiliwa huchukuliwa kumlipa mdai.