Bowling green ni nini, na jinsi ya kutengeneza yako hapa Mwanza

Juzi mpwa wangu kanikuta uani Isamilo nimechuchumaa na pima maji juu ya ukoka, anko unajenga nini, nikamwambia bowling green, akacheka, si ule mchezo wa ukumbini wa kuangusha chupa? Siyo huo bwana. Huu unaviringisha tufe likae karibu na katufe kadogo kanaitwa jeki, na tufe halina ulinganifu pande zote, kwa hiyo likipunguza mwendo linakata kona lenyewe.

Hiyo bowl sio bakuli, ni boule ya Kifaransa yaani tufe, nayo imetoka Kilatini, bulla, kiputo. Green ni uwanja wa majani, sio rangi. Halafu Wafaransa wakaja kulichukua tena neno lenyewe likiwa limeshachakaa, wakaandika boulingrin! Uwanja wa Southampton, Uingereza, unatajwa tangu 1299. New York nao mwaka 1733 walikodisha wa kwao kwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, hebu kaombe kiwanja Capripoint kwa bei hiyo.

Haya, kazi. Kwetu shida ni mlima na mawe kwa hiyo usikimbilie majani, anza na levo. Chomeka vigingi pembe nne, funga kamba, pima kwa mpira wa maji ule wa mafundi, usitumie macho. Mimi nilitumia macho, tufe la kwanza likaenda taratibu, likapita jeki, likapita michongoma, nikalifuata kwa jirani katikati ya kuku. Kiwanja rasmi ni mita 31 mpaka 40 kwa urefu ila nyumbani hata 12 poa tu. Toa mawe, mwaga udongo uliochekechwa na mchanga, shindilia kwa kuviringisha pipa lenye maji, panda ukoka karibukaribu vuli zikianza. Ukishika kata fupi kila wiki, slesha isikutie aibu, mashine ya kukatia majani ya Edwin Budding ilikuja 1830 na kabla yake watu walikuwa wanacheza vilevile. Zungushia mfereji, tufe likitumbukia humo kwa kawaida limekufa, yaani halihesabiwi, na mvua za huku mfereji utakuokoa zaidi ya hapo.

Kujaribu, toka alfajiri kabla umande haujakauka, viringisha mpira wa kawaida wa duara polepole halafu angalia mstari ulioacha kwenye majani. Pale unapopinda ndipo pana bonde, ongeza mchanga hapo.