Somo: Namna ya Kuandaa Taarifa ya Chama cha Madalali wa Nyumba na Viwanja Itakayosomwa na Kuchangiwa na Wanachama

Taarifa ya kwanza niliyoiandika baada ya kukabidhiwa ukatibu wa chama chetu cha madalali, huku pembezoni mwa Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ilikuwa na kurasa nne na ilifuata taratibu zote: kufungua kikao, mahudhurio, yatokanayo na kikao kilichopita, nasaha za mwenyekiti, mengineyo. Wiki mbili baadaye nilinunua vitumbua kwa mama lishe aliye jirani na kijiwe chetu, nikapewa vikiwa vimefungwa kwa ukurasa wa tatu wa taarifa hiyo. Nisingejali sana, lakini katika ukurasa huo huo, chini ya "mengineyo", ndimo nilimoandika kwamba nyumba mbili za upande wa barabarani zimewekewa alama ya X, yaani zinatakiwa kubomolewa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshampangisha mteja fremu katika mojawapo ya nyumba hizo, kodi ya miezi sita imelipwa, na mwenye nyumba anazungusha kuirudisha. Nilipomuuliza kama hakuisoma taarifa, alinijibu kwa upole kwamba aliishia kwenye nasaha za mwenyekiti.

Somo hili limetokana na marekebisho tuliyoyafanya tangu hapo. Nimelielekeza kwa makatibu na wajumbe wa vyama vidogo vya madalali, vile ambavyo ofisi yake ni benchi, ubao wa matangazo na kundi la WhatsApp.

Hatua ya kwanza: tengeneza daftari la wanachama linaloeleza kazi, siyo majina pekee

Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, kwa vyovyote kina katiba na orodha ya wanachama. Orodha hiyo haitoshi. Ongeza safu mbili: mtaa anaofanyia kazi mwanachama, na aina ya mali anayoshughulika nayo, yaani vyumba vya kupanga, fremu za biashara, nyumba za kuuza au viwanja. Dalali wa vyumba hana haja ya kusoma aya nzima kuhusu ushuru wa stempu katika uhamisho wa hati, na dalali wa viwanja hatasumbuliwa na habari kwamba wenye nyumba wa mtaa fulani wameanza kukubali kodi ya miezi mitatu. Ukishajua nani ni nani, utajua habari ipi umpelekee nani kwanza.

Hatua ya pili: tafuta habari kwa kuuliza swali linalojibika

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiandika kwenye kundi, "Wanachama, mwenye habari yoyote alete." Hakuna aliyeleta. Dalali anayerudi kutoka kuonyesha vyumba vitatu ambavyo mteja amevikataa vyote hajioni kuwa na habari. Anajiona ana siku mbaya. Siku nilipobadilisha swali na kuuliza, "Ni jambo gani limekuzuilia biashara wiki hii?", majibu yalianza kuja, na karibu kila jibu lilikuwa habari. Mmoja alisema mteja wake amegoma kwa sababu mita ya umeme ni moja kwa wapangaji watano. Mwingine alisema amerukwa: mteja alirudi usiku peke yake, akamalizana na mwenye nyumba. Wa tatu alisema ameambiwa na fundi kwamba watu wa vipimo wamepita na rangi nyekundu.

Kwa hiyo teua mjumbe mmoja wa habari katika kila mtaa, mpe swali hilo hilo kila Alhamisi, na umtake apitie ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa wake kabla ya kujibu. Habari za kitaifa zifuatilie wewe mwenyewe kwa kalenda. Hotuba za bajeti za wizara, ikiwemo ya ardhi, husomwa kati ya Aprili na Juni, na Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai. Katibu anayesubiri hadi Agosti ndipo aeleze mabadiliko ya kodi amechelewa mwezi mzima wa mikataba. Yapo pia mabadiliko yanayopita kimyakimya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu wenye mgogoro wa ardhi, halitoi tena hukumu, lakini bado nasikia kijiweni mtu akimwambia mteja, "Nenda kata, utapewa haki yako leo leo."

Hatua ya tatu: hakiki kabla ya kuandika

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu taarifa ya chama cha madalali inaweza kumharibia mtu mali yake kwa sentensi moja. Ukiandika kwamba kiwanja fulani kina mgogoro, hakuna dalali atakayempeleka mteja pale kwa mwaka mzima, hata kama mgogoro wenyewe ulikuwa ni ndugu wawili kurushiana maneno msibani.

Sisi tunadai mambo matatu kwa kila habari ya namna hiyo: aliyeiona kwa macho, karatasi inayoithibitisha, na tarehe. Kwa ardhi yenye hati, karatasi hiyo ni majibu ya upekuzi kutoka kwa Msajili wa Hati, ambayo huonyesha mmiliki aliyeandikishwa na kama kuna rehani au zuio. Kwa kiwanja kisichopimwa kazi ni ndefu zaidi: utaona mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na viongozi wa serikali ya mtaa, utawauliza majirani wa mipaka pande zote nne, na utauliza kama ni nyumba ya ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Nimewahi kuona mauzo yakivunjika saa ya mwisho mbele ya mjumbe kwa sababu mke, ambaye dalali alikuwa akimwona kila siku akianika nguo uani, hakuwa ameulizwa hata mara moja.

Ukishahakiki, andika kile tu ulichokithibitisha. "Kuna shauri limefunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuhusu kiwanja hiki" ni sentensi unayoweza kuisimamia kama umeliona shauri lenyewe. "Mwenye kiwanja ni tapeli" ni sentensi itakayokupeleka wewe mahakamani.

Hatua ya nne: andika kwa kuanza na kinachobadilisha kazi ya kesho

Linganisha namna mbili za kuandika jambo lile lile. Ya zamani: "Katika kikao tajwa wajumbe walijadili kwa kina suala la hifadhi ya barabara na kuwaasa wanachama kuwa makini." Ya sasa: "Usipangishe fremu yoyote kati ya kituo cha mafuta na daraja upande wa kushoto ukielekea Mbezi mpaka utakaposikia tena kutoka kwetu. Nyumba mbili zimewekewa X tarehe 4. Mjumbe wa mtaa amethibitisha." Wakazi wa kuanzia Kimara hadi Kiluvya, walioshuhudia ubomoaji wa mwaka 2017 kwa ajili ya upanuzi wa barabara, hawahitaji kufafanuliwa X ina maana gani, wanahitaji kujua iko wapi na tangu lini.

Taarifa nzima isizidi karatasi moja, mbele na nyuma. Nasaha za mwenyekiti, ambaye ninamheshimu na anajua kwamba ninaandika haya, tumezihamishia mwisho.

Hatua ya tano: mpe mwanachama kazi yenye jina lake, na umwonyeshe fedha zake

Kila habari huandikwa jina la aliyeileta, isipokuwa akiomba lisitajwe. Jambo hili dogo lilileta mabadiliko kuliko mahimizo yote ya vikao, kwa maana mwanachama aliyeona jina lake chini ya habari iliyomwokoa mwenzake huleta nyingine bila kuombwa. Ukurasa wa nyuma ni wa hesabu: ada zilizoingia, rambirambi zilizotolewa, gharama za kuchapa, salio. Ninakiri kwamba huo ndio unaosomwa kuliko wangu wote.

Chini ya hesabu tunaweka maamuzi ya kamati ya usuluhishi, bila majina. Kwa mfano: "Dalali A alikuwa na mali, dalali B alikuwa na mteja, hapakuwa na makubaliano ya awali, kamati imeamua wagawane sawa kwa sawa hela ya udalali, ambayo ilikuwa kodi ya mwezi mmoja." Baada ya maamuzi machache kuchapishwa, wanachama huanza kuyatumia wenyewe kijiweni kabla ugomvi haujafika kwenye kamati.

Hatua ya sita: panga mkutano kwa saa za dalali

Wateja wa vyumba hutoka mwishoni mwa wiki, na wengi huhama mwisho wa mwezi. Mkutano wa Jumamosi tarehe 28 utahudhuriwa na mwenyekiti, mweka hazina na wewe. Sisi hukutana Jumanne ya katikati ya mwezi, saa nne asubuhi, na nusu ya muda tunaitumia kubadilishana mali na wateja.

Maswali ya wanachama

*Ndugu Katibu, nikitaja mali yangu mbele ya wenzangu si nitakuwa nimewapa mteja wangu mkononi? (Mwanachama, Kimara)*

Ndugu, wasiwasi wako ni wa haki. Taja mtaa, aina ya mali, bei na masharti ya kodi. Usitaje jina la mwenye nyumba wala namba yake, na usimpeleke dalali mwenzako kuona mali kabla hamjaandikiana mgawanyo, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe huo ndio kamati huuliza kwanza.

*Mwanangu Katibu, macho yangu yamechoka na maandishi ya simu ni madogo. Mimi nichangie vipi? (Mwanachama mwanzilishi)*

Shikamoo mzee. Kuanzia mwezi huu mjumbe wa mtaa wako atasoma taarifa nzima kwa ujumbe wa sauti, nawe utajibu kwa sauti. Tunakuhitaji zaidi kuliko unavyodhani, maana mipaka ya viwanja vya zamani vya eneo lako, vilivyogawanywa kabla wengi wetu hatujahamia, wewe ndiye unayeijua mti kwa mti.

*Mpangaji mmoja amemtapeli mwenye nyumba na kutoroka. Je, naruhusiwa kurusha picha ya kitambulisho chake kwenye kundi ili wengine wajihadhari?*

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa wewe na chama, kwa sababu kitambulisho hicho ulipewa kwa ajili ya mkataba wa pango tu. Mwenye nyumba afungue jalada polisi, na sisi tutaandika namna utapeli ulivyofanyika bila kumtambulisha mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, futa nakala za vitambulisho vya wapangaji wa miaka iliyopita ulizozirundika kwenye simu yako.

*Dada Katibu, katika taarifa iliyopita ulibadilisha neno langu "thamani ya kiwanja" ukaandika "bei inayotakiwa na muuzaji". Kuna tofauti gani?*

Tofauti ni kubwa, kaka. Kuthamini mali ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016, na ripoti yake ndiyo ambayo benki huiangalia. Wewe unajua muuzaji anataka kiasi gani na viwanja vya jirani vimeuzwa kwa kiasi gani. Hayo yaandike kama yalivyo.

*Asiyelipa ada apelekewe taarifa?*

Tahadhari ya X na ya viwanja vyenye mashauri apelekewe, kwa sababu akimwingiza mteja kwenye hasara mtaani watasema "madalali", hawatasema "yule asiyelipa ada". Orodha ya mali na ukurasa wa hesabu asipelekewe.

*Tuliandika kwamba kiwanja kina shauri, kumbe shauri lilishafutwa, na mwenye kiwanja amekuja kijiweni akifoka. Tufanye nini?*

Mkalisheni kwenye benchi, mpeni maji, mwombeni nakala ya uamuzi wa baraza. Akiileta, sahihisho litoke siku hiyo hiyo kwenye kundi na kwenye ubao, na katika taarifa inayofuata likae juu kabisa, mahali pale pale palipokaa kosa. Nakala ya uamuzi huo nileteeni mimi kabla ya Ijumaa, na mjumbe aliyeleta habari ya kwanza aje nayo mwenyewe.