Tuktuk Ikikuzimikia Njiani, Mwambie Mgeni Nini?

Huu ni mwaka wa nne nikibeba abiria kwa tuktuk hapa Kisumu, na wateja wangu wengi wa jioni ni wageni wanaokwenda Dunga kutazama jua likizama ziwani. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kingine nimekiokota barabarani. Siku moja tuktuk ilinizimikia karibu na Hippo Point. Nikamgeukia mama wa Kizungu niliyembeba, nikamwambia, "Madam, it is spoilt." Akafungua mfuko wake na kuanza kukagua ndizi zake.

Kosa halikuwa lake. Kwetu neno moja linatosha: maziwa huharibika, mtoto huharibika, gari huharibika. Kiingereza hugawa. "Spoilt" waachie maziwa na mtoto aliyedekezwa. Mashine iliyogoma kufanya kazi, sema "break down".

Usiyafasiri maneno hayo moja moja. "Break" ni kuvunja na "down" ni chini, lakini hapa hakuna kilichovunjika wala kilichoanguka. Yashike pamoja kama jina la mtu na la babake. Ukiacha "down", kikombe chako kimekuwa vipande: "My cup broke." Kioo cha simu nacho ni hivyo hivyo. "Break down" ni ya gari, boti, lifti, kinu cha posho.

Sasa nyakati, na hapo Kiswahili kinakubeba. Penye -li-, weka "broke down": tuktuk yangu iliharibika jana Kondele, "My tuktuk broke down yesterday at Kondele." Penye -me-, yaani bado mmekwama hapo, "It has broken down." Ile ya kuharibika kila wiki ni "It keeps breaking down", sentensi niliyoizoea sana kabla sijabadilisha kabureta. Stejini nasikia watu wakisema "It was broke down." Hiyo "was" itoe kabisa.

Kumbuka pia tofauti ya kuharibu na kuharibika, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza. "Break down" ya mashine ni kuharibika. Usiseme "My brother broke down my tuktuk", hata kama kweli ni yeye aliyeiua. Ukitaja kinachotendwa, maana inageuka: "They broke down the door", walivunja mlango wakaingia. Na ukisikia "She broke down", usikimbilie spana. Huyo ameshindwa kujizuia, analia.

Kisha kuna jina, "breakdown", neno moja, na sauti hupanda mwanzoni. Likiwa kitendo, uzito huangukia "down". Sisi brekdauni ni lile lori la kuvuta magari, kwa hiyo mgeni akisikia "I am waiting for a breakdown" atashangaa mbona unangoja gari life. Mwambie "tow truck".

Pancha ni "We have a puncture". Injini ikizima ghafla, hata kama itawaka tena, ni "The engine cut out". Petroli ikiisha ni "We have run out of petrol", na hapo mteja atajua uzembe ni wako.

Mimi nilijifunzia barabarani. Kutoka Kibuye hadi Nyamasaria, kila gari nililolikuta limeegeshwa kando, boneti wazi, nililitungia sentensi kwa sauti. Abiria walidhani naongea na simu.

Siku ikikupata, zima muziki kwanza, kisha sema polepole: "Sorry, it has broken down. Please give me ten minutes." Safisha plagi ujaribu tena. Dakika kumi zikipita bado imenuna, mpigie mwenzako aje amchukue mteja, na usimdai nauli yote.