Kulinganisha kwa Kiingereza: "kuliko" peke yake haitoshi

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye madaftari ni hili: "Asha is tall than Juma." Aliyeandika hivyo si mvivu. Ameifuata lugha yake: "Asha ni mrefu kuliko Juma." Kwetu sisi kivumishi "mrefu" hakiguswi, mzigo wote umebebwa na "kuliko". Kiingereza kinataka vyote viwili: "than" iwepo, na kivumishi nacho kibadilike. "Asha is taller than Juma."

Hatua ya 1: hesabu silabi, si herufi. Hapa Waswahili tunateleza kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu, basi tunapotamka Kiingereza tunachomeka irabu zisizokuwepo. Chukua "strange". Lina herufi saba lakini silabi ni moja tu, kwa hiyo ni "stranger", wala si "more strange". Neno la silabi moja huongezwa -er: "old, older". La silabi tatu au zaidi hutanguliwa na "more": "more difficult".

Silabi mbili ndizo zenye utata. Likiishia na -y, hiyo y inageuka i: "happy, happier". Mengi yaliyobaki hutumia "more", kama "more careful". Machache yanakubali njia zote mbili, kama "quiet" na "clever". Ukiwa na shaka kwenye kundi hili, tumia "more".

Hatua ya 2: angalia mwisho wa neno. Neno fupi likiishia na konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, konsonanti hiyo inaandikwa mara mbili: "big, bigger", "hot, hotter". "Cheap" lina irabu mbili, kwa hiyo ni "cheaper". Herufi w hairudiwi: "slow, slower".

Hatua ya 3: yapo ya kukariri tu. Good, better, best. Bad, worse, worst. Far, farther au further.

Hatua ya 4: usilinganishe mara mbili. "More better" inatokana na "bora zaidi" yetu. "Better" tayari ina "zaidi" ndani yake. Enzi za Shakespeare waandishi walirundika alama hizo mbili bila kulaumiwa, lakini Kiingereza sanifu cha leo hakikubali, na mtihanini utakatwa alama.

Hatua ya 5: "kuliko wote". Hapa kivumishi huchukua -est au "most", na hutanguliwa na "the": "Asha is the tallest in the class." Ukitaka kubaki na "than", usiisahau "other": "taller than any other girl in the class". Bila "other" umesema Asha anajizidi mwenyewe, maana naye yumo darasani.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Je, "I like reading than writing" ni sahihi?
Jibu: Hapana. "Kuliko" yetu hujitegemea, "than" haiwezi. Andika "I like reading more than writing" au "I prefer reading to writing". Zingatia hiyo "to". "Senior" na "junior" nazo huifuata: "senior to me".

Swali: Nikitaka kusema "bora zaidi sana", niandike "very better"?
Jibu: "Much better". "Very" hukaa na kivumishi ambacho hakijabadilika: "very good".

Swali: "Than me" au "than I"?
Jibu: Katika mazungumzo, "taller than me" haina tatizo. Kwenye maandishi rasmi andika "than I am". Ila "She likes you more than me" ina maana mbili: anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, au kuliko mimi ninavyokupenda. Ukikusudia ya pili, malizia kwa "than I do".

Swali: Mwalimu amekata "Asha's book is bigger than Juma". Kwa nini?
Jibu: Kwa sababu umelinganisha kitabu na mtu. Kwa Kiswahili usingesema "kuliko Juma", ungesema "kuliko cha Juma". Hiyo "cha" kwa Kiingereza ni ritifaa na s: "bigger than Juma's".