Chujio la Masizi Likiziba: Namna ya Kulichunguza na Kulisafisha Katika Pikapu ya Dizeli

Pikapu za kisasa zinazoletwa gereji hapa Malindi mara nyingi huja na dalili zinazofanana: taa ya manjano imewaka kwenye dashibodi, gari limekosa nguvu, na dizeli inakwisha haraka kuliko zamani. Mwenye gari huwa ameshaambiwa kwamba chujio la masizi, ambalo mafundi huliita DPF, limekufa na kwamba dawa yake ni kulikata. Mimi sikubaliani na ushauri huo. Chujio huziba kwa sababu kuna kitu kinachotoa masizi kupita kiasi au kinachozuia masizi yasiungue, na kitu hicho kitaendelea kuiharibu injini hata baada ya chujio kuondolewa.

Inafaa kwanza kuelewa kazi yake. Ndani ya chujio mna kauri yenye vijia vingi vyembamba, na kila kijia kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya ukuta wa kauri ili utokee kwenye kijia cha jirani, na masizi hubaki ukutani. Gari likienda safari ndefu likiwa na mzigo, bomba la moshi hupata joto na masizi huungua yenyewe polepole. Joto hilo lisipopatikana, kompyuta ya gari huagiza dizeli ya ziada inyunyizwe, ama na nozeli za injini, ama na nozeli ya pekee iliyofungwa kwenye njia ya moshi kama ilivyo katika injini ya Toyota 1GD-FTV, hadi joto la chujio lifike takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Yanayobaki baada ya hapo ni majivu yatokanayo na oili, na majivu hayaungui kwa joto lolote la gari.

Hatua ya kwanza: hakikisha gari lina chujio. Injini ileile huuzwa nchi moja ikiwa na chujio na nchi nyingine bila chujio. Tafuta mipira miwili myembamba inayotoka kwenye kopo la bomba la moshi, mbele na nyuma ya chujio, ikielekea kwenye sensa ndogo ya shinikizo.

Hatua ya pili: muulize dereva safari zake. Pikapu inayozunguka kati ya sokoni na mitaa ya Barani na Shella hapa mjini siku nzima haipati joto la kutosha, na kuziba kwake hakushangazi. Lakini pikapu inayokwenda Mombasa au Garsen kila mara ikiziba, usiridhike na maelezo ya safari fupi, tafuta ubovu.

Hatua ya tatu: soma kompyuta ya gari kwa mashine ya kusomea hitilafu kabla ya kufuta chochote. Andika namba zote za hitilafu. P2463 huashiria masizi mengi, P242F huashiria majivu, P2002 husema kwamba chujio halichuji inavyopasa, na P2452 hadi P2455 zinahusu sensa ya shinikizo au nyaya zake. Kisha angalia kiasi cha masizi kinachokadiriwa, joto la moshi, na kilomita zilizopita tangu masizi yachomwe mara ya mwisho. Kumbuka kwamba kiasi hicho ni makadirio ya kompyuta: chujio jipya likifungwa bila kompyuta kuarifiwa, gari litaendelea kudai kwamba limejaa.

Hatua ya nne: pima sensa na mipira yake. Upepo wa bahari hula viunganishi vya nyaya, na mipira hukauka ikapasuka. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya chujio inapaswa kusomeka sifuri. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, chujio safi kwa kawaida halizidi kilopaskali 1. Ikisoma juu zaidi, chomoa mipira na uipulize kabla ya kulilaumu chujio.

Hatua ya tano: tafuta chanzo cha masizi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo mafundi wengi huparuka. Anza na kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, maana yake gari limejaribu kuchoma masizi mara nyingi na kila mara injini ikazimwa kabla kazi haijaisha. Oili ya namna hiyo ni nyepesi, haizilindi tena beringi, na lazima imwagwe. Kagua mipira mikubwa ya turbo, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, kwa sababu ufa mdogo huvujisha hewa, injini ikakosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Kagua pia filta ya hewa, hasa kwa magari yanayopita vumbi la Langobaya na Sala, kisha vali ya EGR, ya kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ambayo ikikwama wazi hurudisha moshi mwingi ndani ya injini, halafu nozeli zinazovuja.

Thermostati, vali inayodhibiti joto la maji ya kupozea injini, inastahili kutajwa peke yake. Iko desturi pwani ya kuing'oa kwa kuhofia joto, na gari huonekana halina tatizo. Kumbe injini haifiki joto lake la kazi, na kompyuta nyingi hukataa kuchoma masizi injini ikiwa baridi. Nyingine hukataa pia dizeli ikipungua sana kwenye tangi, au taa ya injini ikiwa inawaka. Rudisha thermostati, weka dizeli, na umalize hitilafu nyingine kwanza.

Hatua ya sita: choma masizi. Ikiwa kiasi chake hakijavuka kikomo cha mtengenezaji, inatosha gari kupelekwa barabara ya Garsen, kupita Mambrui na Gongoni, kwa mwendo usiobadilika na gia inayoweka injini juu ya mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa nusu saa hivi bila kuzima. Kikomo kikiwa kimevukwa, usilazimishe: masizi mengi yakishika moto kwa pamoja yanaweza kuipasua kauri. Ukiiagiza kompyuta ichome kwa ile mashine ya kusomea hitilafu gari likiwa limesimama, liegeshe juu ya saruji au udongo mtupu, mbali na nyasi kavu, na kamwe si chini ya paa la makuti. Weka kizimamoto karibu.

Hatua ya saba: ikiwa chujio limejaa majivu, lishushwe. Boliti zilizoshika kutu zinyweshwe mafuta ya kulegeza tangu usiku uliotangulia. Weka alama ya upande wa kuingilia moshi. Usitumie asidi, petroli wala maji ya kasi kubwa. Mashine maalumu hupuliza hewa kutoka upande msafi kwenda upande mchafu na kunasa vumbi linalotoka. Vaa barakoa, maana mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, liliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Pima uzito wa chujio likiwa kavu, kabla na baada. Kauri ikiwa imeyeyuka au kupasuka, kusafisha ni hasara. Dalili yake ni masizi meusi kwenye mdomo wa nyuma wa bomba.

Hatua ya nane: oili na dizeli. Mimina oili yenye majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kama ya daraja la ACEA C, kipimo cha Ulaya, au JASO DL-1, kipimo cha Japani. Oili iliyotengenezewa malori ya zamani, hata ikiwa ghali, hulijaza chujio majivu. Mwaka 2015 dizeli ya Kenya iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, lakini ile ya madumu ya kando ya njia haina wa kuidhamini.

Baada ya kufunga, iarifu kompyuta kwamba chujio limesafishwa, kisha mwambie mwenye gari arudi baada ya wiki chache za kazi yake ya kawaida. Soma tena umbali kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Ukiwa kilomita 300 au zaidi, gari liko salama. Ukiwa chini ya 150, rudi hatua ya tano, kwani masizi bado yana mahali yanapotoka.